Ahsante dada wa Bustani ya Mimea

Dada uliyetuelekeza kupiga picha za ndege pale Bustani ya Mimea, Posta, Dar es Salaam, ahsante sana. Ulisema chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, apigwe picha kwa kasi ya shata ya sekunde 1/1600 au zaidi, mwanga wa picha upunguzwe kidogo kwenye kamera, kwani manyoya yake yanayong'aa yakishaungua kwa weupe hayarudi, hata picha ikiwa ghafi (RAW, ambayo kamera haijaichakata). Kweli kabisa! Na kamera ikitoka kwenye kiyoyozi ibaki ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la nje. Unyevu wa Dar huijaza lenzi ukungu papo hapo. Kwenye kompyuta, chenga, yaani vidoa vidoa vya picha, ziondolewe nyuma ya ndege tu. Manyoya yakilainishwa yanakuwa kama plastiki. Ila ulipokataza kuwachezea ndege sauti zilizorekodiwa wakiwa na viota, hapo tunakushukuru kuliko yote. Mungu akubariki.