Barua kwa dogo anayeenda kupiga dokumentari tamasha la roki

Dogo,

Marahaba. Ile voisi noti yako ya dakika tisa nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye daladala sikuambulia kitu, ya pili nimekaa nyumbani na chai yangu ndo nikaelewa kumbe umepata kibali cha kwenda Wacken, lile tamasha la roki nzito huko Ujerumani, na wenzio wawili wa chuo, kamera tatu, na mnataka mtoke huko na dokumentari. Hongera sana aisee. Mamdogo ameshanipigia, anauliza hao watu wa nguo nyeusi na mafuvu ya ng'ombe ni dini gani, nikamwambia ni muziki tu mama, muziki wa magitaa, wana kelele ila wana adabu zao. Akasema haya, ila mwambie asali. Nimefikisha.

Nakujibu hapa hadharani kwa sababu kuna vijana wengine huku Dar wananiuliza yale yale kila wiki, nani atarudia rudia. Jina lako silitaji, usiogope.

Kilichonikoroga ni ile plani. Kamera zote tatu stejini. Moja katikati, moja kushoto, moja ya mkononi chini kwa wapiga gitaa. Nilipokuuliza na watu je, ukanijibu eti watu mtawachukuachukua mkipata nafasi. Dogo! Chai ilinishinda hapo.

Mimi unanijua, ni mtu wa harusi. Najua nyie wa chuo cha filamu mnatuona sisi wa harusi kama watu wa kurusha droni na kuweka slomosheni kwenye keki, sawa, lakini sikiliza. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi nilipewa harusi moja Tabata, bendi laivu, MC mwenye mdomo, ndafu imepambwa kumshinda bibi harusi. Nilikuwa nimetoka kununua lenzi mpya kwa mkopo kwa hiyo nikang'ang'ana na bendi, saksafoni inavyong'aa, jasho la mpiga dramu, mataa ya rangi rangi, yaani ukiiona futeji ile unasema hii imetoka Ulaya. Miezi minne baadaye dada wa bwana harusi akanipigia, bibi yao amefariki, wanaomba video ya bibi siku ile ya harusi waionyeshe kwenye arobaini. Nikakaa na ile hadi-disiki ya futeji usiku kucha. Bibi nilimpata sekunde 4, anapita nyuma ya mtu aliyebeba boksi la zawadi, uso nusu. Na walisema alicheza! Alinyanyuka na mkongojo wake katikati ya wimbo akacheza, ukumbi mzima ukasimama. Kwenye sauti nasikia kabisa vigelegele vinavyopanda, nasikia mtu anaita "bibi huyooo", na kwenye picha ni saksafoni.

Saksafoni, dogo. Hela yao nilirudisha nusu na bado naona aibu nikipita Tabata.

Sasa nenda kaangalie ile filamu ya tamasha la Woodstock, ya Michael Wadleigh, iliyotoka 1970. Usiangalie vipande vya yutubu, kaa uitazame yote, ni zaidi ya saa tatu, andaa karanga. Unajua habari yenyewe, Agosti 1969, shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur kule Bethel, jimbo la New York, wakaja watu kama laki nne na zaidi, uzio haujakwisha kujengwa, tiketi zikakosa maana, barabara zikafunga mpaka wanamuziki wakawa wanaletwa kwa helikopta, halafu mvua. Kibiashara lile tamasha lilikuwa balaa tupu, waandaaji walibaki na deni la zaidi ya dola milioni moja, na kilichowavuta kutoka shimoni miaka iliyofuata kwa sehemu kubwa ni mapato ya hiyo hiyo filamu. Filamu ikachukua na Oscar ya dokumentari.

Ila angalia inavyoanza. Haianzi na bendi! Unakaa pale unaona nyasi, trekta, vijana wanapandisha mbao za steji, wenye maduka wa pale jirani wanalalamika au wanasifia, magari yanajipanga, na muda wote huo hakuna msanii aliyeingia jukwaani. Richie Havens anapokuja kufungua, naye kafungua kwa sababu wenzake wamekwama njiani, wewe mtazamaji umeshachoka kusubiri pamoja na ule umati, kwa hiyo akipiga gitaa lake unaona kama amekupigia wewe. Anaambiwa aendelee, nyimbo zimemwishia, anaanza kutunga pale pale. Mtu aliyeweka kamera tatu stejini anapata Richie Havens. Hapati kile kiu cha kumsubiri.

Halafu kumbuka walikuwa wanapiga kwa filamu ya milimita 16, roli moja inakwisha kama dakika 11, msaidizi anabadilisha anakupa nyingine, wewe mwenzangu na memori kadi ya gigi 256 ndo unaniambia watu mtawachukua mkipata nafasi? Nafasi mnayo, mnayo mpaka inawadhuru.

Mwishoni kabisa Jimi Hendrix anapiga Jumatatu asubuhi, watu wengi wameshaondoka, na wakati gitaa linalia filamu inakuonyesha uwanja wenye tope na takataka, watu wanaokota okota wanaondoka. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka maana ni ukumbi wa harusi saa kumi alfajiri, viti vya plastiki vimepandwa kimoja juu ya kingine na shangazi mmoja anatafuta kiatu. Wadleigh aliniibia harusi zangu kabla sijazaliwa.

Kuna jambo jingine kwenye hiyo habari linanikosesha usingizi kidogo. Creedence Clearwater Revival walipiga Woodstock. Walikuwa bendi kubwa sana wakati ule. Walipanda usiku wa manane baada ya bendi ya Grateful Dead, mwimbaji wao John Fogerty hakufurahia jinsi mambo yalivyokwenda, anasimulia watu walikuwa wamelala kwenye tope, akakataa bendi yake iwekwe kwenye filamu. Na miaka nenda rudi unakutana na watu, mashabiki kabisa, hawajui kama jamaa walikuwepo. Mwimbaji Janis Joplin naye hakuwemo kwenye toleo la kwanza, akaja kuingizwa kwenye lile toleo refu la 1994. Maelfu ya watu waliwaona kwa macho yao na bado ni kama hawakufika, kwa sababu kwenye filamu hawapo. Ndo bibi yangu wa Tabata yule yule.

Usinielewe vibaya, sisemi uache steji. Wapige. Ila bendi kubwa pale zinarekodiwa na tamasha lenyewe, kuna makreni na skrini kubwa na watu wa televisheni, wewe na kakamera kako ka mkopo huwezi kushindana nao na hata ukishinda nani atakupa haki za wimbo? Hilo mmeliuliza chuoni? Kila wimbo una mwenyewe, na mwenye wimbo ana lebo, na lebo ina wakili. Na mara nyingi wapiga picha wanaruhusiwa nyimbo tatu za mwanzo tu pale mbele ya jukwaa halafu mnatolewa, sasa baada ya hizo tatu kamera zenu tatu zinafanya nini, zinakunywa bia?

Wacken yenyewe umeifikiria? Ni kijiji, dogo. Kijiji cha watu kama elfu mbili huko jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini ya hapo ulipo Hamburg, mashamba na ng'ombe. Jamaa wawili, Thomas Jensen na Holger Hübner, walianza 1990 na bendi sita na watu kama 800, sasa hivi wanaingia kama 85,000. Piga hesabu, ni kama watu wa wilaya nzima wamevaa nyeusi wamehamia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Na wenyeji wanaishi nao, wanauza kifungua kinywa mbele ya nyumba zao, bendi ya tarumbeta ya zimamoto ya kijiji inapanda jukwaani, na 2023 mvua ilipoligeuza shamba kuwa uji waandaaji wakafunga milango mapema na watu kibao wenye tiketi wakarudishwa njiani, na magari ya waliokwama yakawa yanavutwa na matrekta ya wakulima.

Mimi ningekuwa wewe ningekaa na huyo mwenye trekta siku nzima.

Na wala sijagundua kitu. Kuna mama anaitwa Sung-Hyung Cho, mzaliwa wa Korea Kusini anayeishi Ujerumani, alienda Wacken akatengeneza Full Metal Village, ya 2006. Unajua alichofanya? Karibu filamu nzima yuko kijijini, na wakulima wanaoongelea ng'ombe wao, na bibi vizee wa pale, na wasichana wanaoota kuondoka, tamasha linakuja kuingia mwishoni mwishoni kama mgeni aliyechelewa. Ikashinda tuzo ya Max Ophüls, ni tuzo ya filamu huko Ujerumani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa dokumentari kuipata. Mgeni kutoka mbali kawauliza wenyeji maswali ambayo Mjerumani angeona aibu kuyauliza. Na wewe ni mgeni vile vile, Kijerumani chako bado kinachechemea, hilo ni mtaji, usilifiche. Mtu akiona hujui anakueleza taratibu, na akieleza taratibu inaeditika vizuri.

Ila omba ruhusa. Hapa niko siriasi. Kwenye ile filamu ya Woodstock kuna kipande wengi wanakipenda kuliko hata muziki, mzee mmoja anasafisha vyoo vya muda, mchangamfu, anasema ana mtoto wake mmoja yupo hapo tamashani na mwingine yupo Vietnam anarusha helikopta. Sentensi moja hiyo, vita vyote na vijana wote wamo ndani. Mimi huwa nalia pale, sisemi uongo. Lakini yule mzee baadaye aliwapeleka watengenezaji mahakamani, akisema hakukubali kufanywa kioja mbele ya dunia. Alikuwa kazini, mtu akamtokea na kamera akajibu kwa ustaarabu wake. Kwa hiyo usiniletee habari ya kumvizia mlevi aliyelala kwenye tope ukadhani umepata sanaa. Mkiwa na fomu beba fomu, huna fomu mwulize kamera ikiwa inaona. Kwenye harusi nimejifunza hilo kwa njia mbaya, kuna mzee mmoja alicheza vizuri sana na mwanamke ambaye hakuwa wa nyumbani kwake na mimi kwa ujinga wangu nikaiweka kwenye trela... tuachane nayo.

Saundi sasa. Maiki ya kamera itakufa na lile besi, utapata ngurumo tu. Omba laini ya sauti kutoka kwenye mixa kama watakupa, wasipokupa rekodi mbali na spika, na usiku ukifika nenda kwenye mahema urekodi watu wanavyoimba vibaya, hiyo hakuna lebo itakayokudai... hapana, wataimba wimbo wa mtu, watakudai. Rekodi wanavyokoroma basi. Na piga kofi mbele ya kamera zote kila mnapowasha, nakuomba, wale wa Woodstock picha na sauti vilikuwa mbali mbali na kazi ya kuvioanisha iliwatoa roho, pamoja na kwamba kwenye meza ya editi walikuwepo Thelma Schoonmaker na kijana Martin Scorsese, waliokuja kuwa majina makubwa ya sinema. Wewe mezani utakuwa peke yako.

Na usifute kitu usiku ule ule kwa sababu eti kadi imejaa. Desemba ya mwaka ule ule 1969 kule Altamont, California, ndugu wawili Maysles, watengeneza dokumentari, walikuwa wanaipiga filamu bendi ya Rolling Stones na kijana mmoja akauawa mbele ya jukwaa, kamera ikawa imenasa, na kwenye filamu yao unamwona mwimbaji wa bendi, Mick Jagger, amekaa kwenye meza ya editi anarudishiwa kipande kile taratibu anakitazama. Futeji ile ilifika mpaka mahakamani. Beba hadi-disiki mbili, moja asilale nayo mwenye kamera.

Gambuti mamdogo amesema atakutumia hela ununue huko huko, nimemwambia asitume za Kariakoo, zitakuja na posta mwezi wa kumi. Betri ziweke mfukoni karibu na mwili usiku kukiwa na baridi.

Siku ya kwanza ukimaliza usinitumie klipu ya bendi, bendi nitaiona kwenye simu kama watu wengine. Nitumie mtu mmoja wa pale kijijini, dakika moja, anafanya kazi yake, na uache kamera iendelee kidogo akishamaliza kuongea.

Kakako