Kigari kijihesabie chenyewe

Morogoro

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia vijana wako wa kidato cha tatu wameamua kutengeneza kigari kinachojifunga breki chenyewe. Unasema kishuke mteremko, kitembee mita 3 sakafuni, kisimame bila kuguswa, na kwamba tayari wanaulizia bei ya mota na betri. Dada, waambie wasubiri kwanza. Breki ninayoipenda kuliko zote haina hata waya wa umeme: ni nati ya masikio, ile tunayoikaza kwa vidole bila spana.

Ekseli ya mbele, kile chuma kinachozunguka pamoja na magurudumu, iwe nondo ya milimita 8 yenye hesi, yaani mifereji ya skrubu, mwanzo hadi mwisho. Ivisheni nati ya masikio, kisha fungeni kipande cha waya mgumu kwenye fremu, sambamba na ekseli, sikio moja la nati liegemee hapo. Nati ikizuiwa kuzunguka, haina njia ila kutambaa kwenye hesi. Upande inakoelekea, kazeni nati mbili za kawaida zibanane zenyewe kwa zenyewe zisisogee. Magurudumu yakiviringika, nati inatambaa, inatambaa, mpaka inagota kwenye zile mbili. Hapo ekseli imefungwa. Inaelekea kushoto au kulia? Wasukume kigari kwa mkono, wataona.

Utamu uko kwenye hesabu. Kwa hesi ya kawaida ya nondo hiyo, nati husogea milimita 1.25 kila mzunguko. CD iliyochakaa ina kipenyo cha sentimita 12; ivalisheni ukanda wa tyubu ya baiskeli wa unene wa milimita 1, maana CD tupu huteleza vibaya kwenye saruji, na kipenyo kitafika 12.2, mzingo sentimita 38.3. Mita 3 basi ni kama mizunguko 7.8, yaani nati ianze karibu milimita 9.8 kutoka kwenye kizuizi. Ukiirudisha nyuma robo mzunguko tu, kigari kinaongeza sentimita 9.6 hivi. Wasisahau mteremko wenyewe: nati huanza kuhesabu tangu gurudumu linapoanza kuviringika. Mteremko wa sentimita 60 unadai milimita 2 zaidi.

Sasa sehemu ambayo ningependa uwakalishe nayo kipindi kizima. Gurudumu likishafungwa, kigari bado kinateleza. Kikishuka kutoka kimo cha sentimita 5, kinafika chini kwa kasi ya karibu mita 1 kwa sekunde. Kutoka sentimita 20, karibu mita 2. Tukichukulia karibu uzito wote uko juu ya magurudumu ya mbele, na kipimo cha msuguano ni 0.5 (yaani nguvu ya msuguano ni nusu ya uzito), cha kwanza kitateleza sentimita 10 na cha pili 40. Kasi mara mbili, kuteleza mara nne! Wapimie sakafuni kwa tepu, waone kwa macho yao. Kisha wakumbushe kwamba basi la kilomita 100 kwa saa nalo linahitaji umbali mara nne wa lile la 50 tangu dereva akanyage breki. Watoto wanaovuka barabara kuu kila asubuhi wanastahili kuijua hesabu hii kabla ya kitu kingine chochote kwenye silabasi.

Kwa hiyo mteremko uwe wa kimo kidogo, na umbali wa kuteleza utolewe kwenye zile mita 3. Breki ibaki mbele, na uzito nao uwekwe mbele; magurudumu ya nyuma yakifungwa, mkia hutaka kupita mbele na kigari kinageuka ubavu.

Nondo ya hesi huuzwa kwa mita. Kabla ya kuikata kwa msumeno wa chuma, ingizeni nati moja hadi ipite pale mnapokata. Mkimaliza, ichomoeni kupitia mwisho uliokatwa, itanyoosha hesi zilizoumia. Zaidi ya hapo ni mbao, washa pana (vile visahani vya chuma vyenye tundu) za kubana CD zikae katikati, na grisi kidogo.

Nati za masikio zikikosekana kwenye maduka ya vifaa huko kwenu, nijulishe, nitakuwekea kwenye basi la asubuhi. Nisalimie vijana, na uniandikie kigari chao kimesimama wapi.

Wako daima,
Rafiki yako