Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafugaji, Makambako

Ndugu wajumbe wa kamati, wazee wetu, akina mama na vijana wafugaji, kamwene.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Josho letu la kuogeshea mifugo dhidi ya kupe lilifanya kazi kila wiki, isipokuwa siku za mvua kubwa. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe tulishiriki kupitia kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025, shilingi 500 kwa ng'ombe, na hereni za utambuzi zilivalishwa bure. Ada zilizokusanywa ni 744,000, mapato ya josho 1,890,000, dawa na vibarua 1,640,000. Mchanganuo uko kwa katibu.

Niende kwenye msiba wetu. Mwezi Agosti tulimzika mzee wetu, mwenye kadi namba moja ya chama hiki. Vijana wanamjua kama mwenye bucha karibu na stesheni. Alifika hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kibarua wa ujenzi wa reli ya TAZARA. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976 wenzake walirudi makwao, yeye akabaki na mitamba miwili aliyoinunua kwa akiba ya mshahara. Kikafuata kiduka, kisha bucha, kisha mashine ya kusaga. Miaka ile baada ya vita vya Kagera, sabuni na chumvi zilipoadimika, alipima chumvi kwa kibaba na kuandika madeni kwenye daftari la shule. Wazazi wa wengi wetu walikuwemo humo, wangu pia. Sijamsikia hata mmoja aliyenyang'anywa ng'ombe kwa deni lake.

Kwenye mifugo alikuwa mwalimu wetu. Ukimpelekea ng'ombe aliyekataa malisho, kabla hajaitikia salamu yako ameshalikunja sikio na kuchungulia ndani, maana kupe wanaoeneza ugonjwa wa ndigana kali hupenda kukaa humo. Kisha anapapasa tezi chini ya sikio. Ikiwa imevimba, anakuambia umtafute daktari leo, si kesho. Ni yeye aliyetukatalia tulipotaka kupunguza dawa ya josho ili kubana matumizi. Dawa nyepesi haiui kupe, inawazoesha tu, na baadaye mnalazimika kununua nyingine ya bei ya juu. Na dume lake la Borani lilipanda ng'ombe wetu bila yeye kudai hata senti. Kila baada ya miaka michache alilibadilisha, lisije likapanda watoto wake lenyewe.

Hapo ndipo penye maneno. Kamati ilinunua dume hilo kwa warithi kwa shilingi 2,600,000 kutoka mfuko wa ukarabati wa josho, uliokuwa na 3,150,000. Zimebaki 550,000. Najua kijiweni inasemwa kwamba mwenyekiti amekula josho. Naomba mnisikilize.

Warithi wanaishi mbali na walikuwa wanauza zizi zima. Mchinjaji mmoja alishatoa bei ya kilo, na alikuwa anakuja Jumamosi. Niliitisha mkutano wa dharura, akidi haikutimia. Nikauitisha tena, haikutimia. Katiba inaruhusu kamati kuamua jambo la dharura, nasi tukaamua. Nilikwenda mwenyewe kwa familia, nikakaa nao hadi usiku, wakapunguza bei kwa heshima ya marehemu. Tungesubiri akidi, dume lingekuwa limening'inia buchani.

Kuhusu dume kulala zizini kwangu: kamati ilikagua mazizi manne, langu ndilo lenye uzio imara na maji. Pumba na chumvi ya jiwe nanunua kwa fedha zangu, chama hakijanilipa. Mwanachama aliyelipa ada anapandishiwa kwa 10,000, mwenye deni 20,000, na fedha zote zinaingia kwa mweka hazina, si mfukoni mwangu. Ufa wa josho nimeuona kabla yenu. Tumeuziba kwa muda, na fedha za dume ndizo zitakazoujenga upya.

Sasa niseme linaloniuma. Tuko wanachama 86. Waliomaliza ada ya mwaka, yaani 24,000, ni 31. Waliobaki wanadaiwa jumla ya 1,320,000, zaidi kidogo ya nusu ya bei ya dume tunalogombania. Katiba inasema rambirambi ni 5,000 kwa kila mmoja, zilipatikana 200,000. Siku ya mazishi wanachama wetu walikuwa wachache kuliko wateja wa bucha lake. Ilikuwa siku ya mnada, ninafahamu, lakini huyu ni mtu aliyefunga bucha kila tulipofiwa sisi, na aliyetoa nyama ya msiba kwa nyumba nyingi zilizowakilishwa hapa. Mjane aliniuliza chama kiko wapi, nikakosa la kumjibu.

Kwa mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatarajia kujenga upya sehemu ya josho, kuanzisha shamba la malisho na, hali ikiruhusu, kutembelea shamba la mifugo la Sao Hill tuone mitamba. Napendekeza pia josho letu lipewe jina la marehemu, na naomba hilo lipigiwe kura leo. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti. Wenye madeni waanzie kwake kabla ya kura.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti