Saa Mbili Usiku, Mdomo Bado Umekufa Ganzi

Simu ya kliniki yetu hulia sana kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, na mara nyingi anayepiga ni mtu tuliyempasua gego asubuhi yake. "Daktari, mbona nusu ya mdomo siihisi?" Juzi mama mmoja alinitumia hadi picha: anatabasamu mbele ya kioo, upande mmoja umecheka, upande wa pili umegoma. Hakuwa na tatizo lolote. Nilimchoma ganzi ya muda mrefu, na nilimweleza kabla ya kumchoma, naye akaitikia kwa kichwa huku macho yote yako kwenye sindano. Sijaona mtu anayesikia maelezo wakati anaitazama sindano, kwa hiyo nayaandika hapa, uyasome ukiwa umekaa kwako.

Ganzi ya kawaida, ile ya kuziba jino au kung'oa lililokwisha kulegea, ni lignokeini. Ilitengenezwa Sweden mwaka 1943, na mpaka leo ndiyo tunayoishika kila siku. Ya muda mrefu ni bupivakeini, nayo ilizaliwa hukohuko Sweden, mwaka 1957. Ukiwahi kujifungua kwa operesheni kwa sindano ya mgongo, kuna uwezekano mkubwa mmeshakutana: ni dawa hiyohiyo, ila pale huingizwa kidogo tu kwenye maji ya uti wa mgongo, hapa tunaiweka karibu na neva ya taya.

Zote mbili hufanya kazi moja. Neva hupeleka habari ya maumivu kwa kufungua vijilango vinavyoingiza chembe za sodiamu. Ganzi huvifunga, habari haifiki kwenye ubongo. Ndiyo maana utasikia nikisukuma na kuvuta, hata mlio wa mfupa utausikia, lakini hutasikia kuuma. Tofauti ni muda wa kuachia. Bupivakeini huyeyuka vizuri kwenye mafuta na hung'ang'ania protini kuliko mwenzake, kwa hiyo haitoki haraka. Ukiichanganya na adrenalini kidogo mishipa ya damu hubana, damu haiwahi kuisomba. Mdomo na ulimi vinaweza kubaki vimelala saa nne hadi tisa, kwa wengine hata kumi na mbili. Lignokeini yenye adrenalini huishia saa tatu mpaka tano. Kasoro yake ni kwamba bupivakeini haina haraka ya kuanza, kwa hiyo mara nyingi tunaanza na lignokeini, tunafanya kazi, tunamalizia na hiyo nyingine.

Tunaitumia kwa upasuaji wa magego ya mwisho, yale wengi wanayaita meno ya hekima, hasa ya chini yaliyolala ndani ya mfupa. Pale tunakata ufizi, tunachonga mfupa, tunashona. Maumivu makali ni ya saa chache za kwanza, na saa hizo ndizo tunazotaka uzipite umelala ganzi. Kwa jino la kuziba dakika ishirini siitumii hata ukiniomba. Ustadhi mmoja alikuja Ijumaa asubuhi akitaka tummalize siku hiyo, na mchana ana hotuba. Tulimsogeza Jumatatu. Watoto chini ya miaka 12 pia hatuwachomi hii. Mtoto asiyehisi mdomo wake huutafuna kama ubuyu, na jioni mzazi anakuta kidonda kikubwa kuliko cha jino lenyewe.

Sasa lile linalowaponza wengi. Ganzi haiponyi, inakusitiria tu. Ikiachia, maumivu hayaji kidogo kidogo, hufika yote kwa pamoja, na kidonge utakachomeza wakati huo kitahitaji nusu saa au zaidi kuanza kufanya kazi. Nusu saa hiyo ndiyo wateja wanayoisimulia mtaani kwamba kliniki fulani imewatesa. Meza kabla halijauma. Ukitoka kwetu saa tano asubuhi, dozi ya kwanza ni saa tisa alasiri, hata kama unajiona mzima kabisa. Najua kumeza dawa bila kuumwa kunaonekana upuuzi. Meza tu. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ujauzito atuambie mapema, maana ibuprofeni, hiyo dawa ya maumivu, si ya kila mtu.

Na chai ya moto iache mpaka hisia irudi. Ngozi iliyolala haijui kwamba inaungua.

Wapo wanaosema, "Mimi ganzi hainishiki." Wengi wao si kwamba miili yao ni ya ajabu, walikuja jino likiwa limejaa usaha. Penye usaha pana asidi, na kwenye asidi dawa hubadilika hali, ikashindwa kupenya utando wa neva. Kuongeza sindano juu ya sindano palepale hakusaidii. Tunachoma mbali zaidi, neva inakotokea, au tunatoa usaha kwanza na jino tunalifanya siku nyingine. Nikikwambia urudi, sikufukuzi.

Mnauliza pia kwa nini tunawapandisha kwenye mizani na mmekuja kwa ajili ya jino. Kichupa kimoja cha kioo cha bupivakeini, mililita 1.8, kina miligramu 9. Mtu mzima hapaswi kuvuka miligramu 90 kwa kikao kimoja, na mwenye mwili mdogo ukomo wake uko chini ya hapo. Sisi kwa kawaida tunatumia vichupa viwili au vitatu. Ikizidi, au ikiingia moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, dawa hii husumbua moyo kuliko lignokeini. Kwa hiyo kila nikichoma navuta kwanza kuangalia kama damu inarudi, ndipo nasukuma, taratibu. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, masikio yanavuma au kichwa kinazunguka, inua mkono hapohapo. Kwenye kabati la dharura tuna chupa ya mafuta meupe kama maziwa, ya kuingizwa kwa dripu, ambayo huifyonza ganzi iliyozidi kwenye damu. Hatujawahi kuifungua. Tarehe yake ikikaribia kuisha tunanunua nyingine, na mhasibu wetu hulalamika kila mara.

Mdomo ukiwa bado umelala usiku wa siku ileile, lala. Ukiamka kesho yake na mpaka mchana bado hausikii kitu, piga simu, maana neva ya taya hupita karibu sana na mizizi ya gego la chini na tunataka kuiangalia mapema.

Magego ya mwisho tunayafanya Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi, ili ganzi ikuachie jioni ukiwa macho na si usiku wa manane, na ili kesho yake utukute kazini. Njoo umekula. Ukija kwa pikipiki, njoo na mtu wa kuiendesha kurudi.