Msipake viti vya boti mafuta ya nazi

Mhariri,

Kuna msomaji aliyewashauri wenye boti, katika ukurasa huu wa barua, wapake viti vya ngozi mafuta ya nazi kila wakitoka baharini ili visikakamae. Sina ugomvi naye. Ila viti hivyo vikishaharibika mimi ndiye ninayeletewa. Nashona viti hapa Kongowea. Nilianza na vya matatu, na siku hizi kazi yangu kubwa ni boti za watalii na za uvuvi zinazolala Tudor na Mtwapa.

Ngozi nyingi za viti hutoka kiwandani zikiwa zimepigwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa kinga. Mafuta hayapenyi hapo. Hubaki juu yakinata, yakakusanya vumbi na masizi ya injini. Yale ya kupika nyumbani, ambayo bado yana maji kidogo ndani, huchacha yakanuka. Yakipata ufa au tundu la sindano, huingia na kuacha doa jeusi lisilotoka. Kwangu mimi fundi ubaya mkubwa uko mbele zaidi: ngozi iliyokunywa mafuta haishiki rangi. Naipaka leo, baada ya muda mfupi inabanduka, na mteja anasema nimemwibia.

Kinachoikausha ngozi ya boti ni jua na chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Rasharasha zikikauka juu ya kiti, maji huenda na chumvi hubaki kwenye vinyweleo na kwenye mshono. Usiku chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani, mchana hukauka tena, na kila mara inailegeza na kuikaza ngozi mpaka ipasuke. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji matamu, na hapa ndipo watu wetu wa Mombasa wanapokosea bila kujua. Visima vyetu vingi maji yake ni ya chumvi, hata kwa chai hayafai. Nahodha anafuta kiti kwa bidii kwa maji ya kisima, kumbe anaongeza kile kile alichokusudia kutoa. Tumia maji ya mfereji, yale yanayotoka chemchemi za Mzima. Mfereji ukikauka, na tunajua unavyokauka, nunua mtungi kwa mwenye mkokoteni, lakini muulize ameteka wapi. Akisitasita, onja.

Usimwagie kiti maji. Sponji iliyo ndani ya kiti ikishalowa itakaa na maji hayo na kuota koga kwa ndani. Lowesha kitambaa, kikamue, futa, suuza, rudia mpaka kitambaa kisiache ukungu mweupe wa chumvi kikikauka. Sabuni ya kipande iacheni kwa nguo. Ngozi iko upande wa uchachu, pH yake ni kama 4 au 5, na sabuni ile hufika 9 au 10. Ndiyo maana kiti kilichooshwa nayo hukakamaa. Jiki ni balaa zaidi, kwa sababu hula ngozi na uzi pamoja. Tone la sabuni laini ya maji linatosha, na brashi laini kwenye mishono. Kisha kiti kikauke kivulini penye upepo.

Madoa yana tabia zake. Damu ya samaki ifutwe mapema kwa maji ya baridi. Ukitumia ya moto, inaganda ndani. Mafuta ya kujikinga na jua ya watalii, nyunyizia poda, ilale usiku kucha, ipangushe asubuhi. Koga pangusa kwanza nje ya boti, usije ukaisambaza kwenye viti vingine, kisha futa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Doa la kutu pembeni mwa kiti mara nyingi chanzo chake ni pini za chuma cha kawaida zilizo chini. Hata ukilifuta litarudi, mpaka ung'oe pini hizo na kuweka za chuma cha pua.

Kiti kikishakuwa safi na kikavu ndipo kipakwe krimu ya ngozi, kidogo, ikae, na inayobaki juu ifutwe. Ngozi iliyokauka bila kupasuka hurudi laini vizuri. Iliyopasuka hairudi kwa krimu yoyote. Hiyo ni kazi ya msasa laini, kijazio, rangi kwa tabaka nyembamba nyembamba, halafu utando wa kinga juu yake.

Nitasema na hili, ingawa wenzangu hawatalipenda: boti ya wazi isiyo na paa haifai kuwa na viti vya ngozi. Ishonewe reksini (ngozi bandia) ya baharini kwa uzi wa poliesta, na ngozi iwekwe ndani ya kibanda cha nahodha. Kuna hata watu wanaohangaika na krimu ya ngozi kumbe walichonacho ni reksini. Funua mto uangalie upande wa nyuma: ngozi ina manyoyamanyoya, reksini ina kitambaa kilichofumwa.

Na Kusi inapoanza, boti nyingi zikipandishwa pwani, msivifunge viti kwa nailoni. Joto na unyevu hubaki ndani, na baada ya masika unafunua kijani kitupu. Tumieni turubai la kitambaa, liinuliwe kwa miti ili hewa ipite, au vitoeni viti mviweke nyumbani.

Aliyekwisha kupaka mafuta ya nazi afute kwa kitambaa kikavu, anyunyizie poda, arudie mpaka poda isilowe tena. Tafadhali asijaribu petroli. Inatoa mafuta, ni kweli, lakini inatoa na rangi.

Fundi wa viti,
Kongowea, Mombasa