Kiingereza Chako cha Kuombea Maji Kinatosha

Mtoto akishaingia kwenye darasa letu la Kiingereza, mzazi husogea karibu na meza yangu na kupunguza sauti. "Mwalimu, nikwambie ukweli. Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu. Nyumbani siwezi kumsaidia, ndiyo maana nimemleta kwenu." Maneno haya nimeshayasikia hadi nayajua kabla hayajatoka mdomoni.

Sasa tupige hesabu. Wiki ina saa 168. Sisi tunakaa na mwanao saa mbili. Saa 166 zilizobaki yuko kwingine, na sehemu kubwa yuko nawe. Tukikwambia kwamba tutaifanya kazi hii peke yetu, tutakuwa tunakula ada yako bure.

Wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa. Mama mmoja alipiga marufuku Kiswahili nyumbani kwake, kuanzia kuamka hadi kulala. Binti yake alikuwa anaongea kama chiriku. Baada ya wiki chache akawa mtoto wa "yes", "no" na "fine". Mama naye, kwa kuwa maneno yalikuwa yanamwishia, akabaki na amri tupu: "come", "sit", "eat". Hadithi zao za jioni zilikufa. Nilimwomba arudishe Kiswahili siku hiyohiyo, na nadhani aliondoka akiamini nimechanganyikiwa.

Sikuwa nimechanganyikiwa. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha tangu miaka ya 1979 hadi 1981 kwamba lugha ya kupiga soga na lugha ya masomo ni mambo mawili. Watoto wahamiaji walimudu mazungumzo ya kawaida ndani ya miaka 2 hivi, lakini kufikia wenzao katika lugha ya darasani kulichukua miaka 5 hadi 7. Pia alisisitiza kwamba anachokijua mtoto katika lugha ya kwanza huvuka naye kwenda lugha ya pili. Mtoto uliyemweleza kwa Kiswahili kwa nini nguo iliyoanikwa hukauka, huyo tunampa neno la Kiingereza tu. Asiyeelezwa lolote, tunaanza naye kwenye maji na jua ndipo tufike kwenye neno. Kwa hiyo mweleze mwanao mambo, kwa urefu, kwa lugha unayoimudu.

Kiingereza chenyewe kitengee dakika kumi kwa siku, na humo utakutana na makosa. Nianze na lile linalochekesha wengi: "My father she is sleeping." Mtoto si mzembe. Kwetu "amelala" ni baba, ni mama, ni paka. Kile kiambishi "a" hakiulizi jinsia ya mtu. Ghafla anatakiwa achague kati ya "he" na "she" kila anapofungua mdomo. Ukimkatiza kwa "Kosa! Rudia!", kesho atachagua kunyamaza. Mjibu tu: "Oh, he is sleeping? Is he tired?" Amelisikia umbo sahihi, na mazungumzo yameendelea. Utalirudia mara mia. Ndivyo inavyokuwa.

La saa nalo ni letu sote. Saa moja asubuhi kwa Kiingereza ni saba, na mtoto anayesema "one o'clock" ametafsiri vizuri tu, ila saa zetu huanza kuhesabiwa mahali pengine. Mwonyeshe kwenye saa ya ukutani: tunasoma namba iliyo mkabala na mshale, Waingereza wanasoma ileile unayoonyesha mshale. Yamekwisha.

Kusoma ndiko kwenye kazi. Kiswahili kina irabu tano na kinasomwa kama kilivyoandikwa, hivyo "ba, be, bi, bo, bu" inakufikisha mbali. Kiingereza kina herufi 26 za kubeba sauti kama 44. "Though", "tough" na "through" zinamalizika kwa herufi zilezile nne, na hakuna mbili zinazofanana kwa sauti ya mwisho. "Ship" na "sheep" masikioni mwetu zote ni "shipu". Usijilazimishe kuyajua yote. Mkikwama, sema "sijui, tutafute", mfungue kamusi ya kwenye simu na mbonyeze alama ya spika. Mimi mwenyewe hufanya hivyo mbele ya wanafunzi.

Katuni je? Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina cha Mandarin kwa vipindi 12. Waliocheza na mtu aliye mbele yao walizishika sauti za lugha ile. Waliotazama mtu yuleyule kwenye video hawakuambulia kitu. Wanafunzi wetu ni wakubwa kuliko hao, sawa, lakini nawaona wanaoimba nyimbo nzima kwa lafudhi ya kupendeza, ukiwauliza "How old are you?" wanatazama dari. Basi kaa naye. Simamisha katuni katikati, uliza "Who is that?", halafu mbishane kwa Kiswahili kuhusu nani mwenye makosa.

Na tafadhali, akija mgeni, usimwite mtoto sebuleni "aongee Kiingereza kidogo". Wengi hukaa wiki kadhaa wakisikiliza tu kabla ya kuthubutu. Ukimya huo una kazi yake, na jukwaa hilo huuharibu.

Kwa upande wetu, siku ya kwanza hatumpi mtoto mtihani. Mwalimu anacheza naye na kusikiliza. Kila mwisho wa wiki tunakutumia ujumbe wa sauti wenye sentensi nne au tano tulizozitumia darasani, ili matamshi yasikuumize kichwa: cheza ujumbe, mzirudie wote wawili. Anayetaka mtoto awe amenyooka kwa Kiingereza ndani ya miezi mitatu, huwa tunamrudisha kwa heshima.

Mkija mara ya kwanza, beba kitabu anachokipenda mwanao, kile ambacho ameshakisoma hadi kurasa zinachomoka. Hata kama ni cha Kiswahili.