Tarumbeta lako Pasaka hii

Mama yangu,

Ugonile. Spika uliyotutumia kwa basi ilifika salama Ijumaa Kuu, asante. Ilipiga nyimbo mbili, umeme ukakatika, na mdogo wako hakuwa ameichaji. Ikaishia kabatini juu ya kitambaa cha bibi yako, na Pasaka tukaila kwa matarumbeta kama siku zote.

Tuliamka saa tisa usiku. Tukuyu unaijua: ukungu umefunga hadi huioni migomba ya uani, mvua inanyunya. Tukapita nyumba hadi nyumba kuamsha watu, gambuti miguuni, watoto mbele na tochi za simu. Taabu ni ile baridi. Shaba ikipoa sauti inashuka, tena kila chombo kinashuka kivyake, mpaka wimbo wa ufufuo unageuka wa msiba. Kwa hiyo njiani tunavificha ndani ya makoti na kuvipulizia pumzi polepole, bila kuvipiga. Wewe ulikuwa unatembea umelikumbatia tarumbeta lako kama mtoto mchanga.

Sasa usinune: nimempa mtoto wa shangazi yako alipige. Likikaa bure vile vitufe vinaganda. Ana miaka 13, amejifunza tangu Januari kwa do-re-mi, na sauti ya pili ameishika, ila ule mstari wa tatu unaokusumbua hata wewe anaukimbilia kama anafukuzwa na nyuki.

Makaburini tulifika giza halijaisha. Mchungaji akaita "Bwana amefufuka!", tukajibu "Kweli amefufuka!" Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini tunawapigia marehemu, nikakujibu ovyo maana nilikuwa namwaga maji ya pumzi kutoka kwenye besi. Ni desturi ya Wamoravian tangu mwaka 1732, vijana wa Herrnhut kule Ujerumani walipokwenda makaburini alfajiri kuimba. Sisi tumeirithi kwa wamisionari wao, waliofika Rungwe mwaka 1891. Lakini mimi nikiwa pale simkumbuki Mjerumani yeyote. Namtazama babu yako pale chini, aliyekuwa akinipiga kofi la kisogoni nikikosea.

Utamu wenyewe ulikuja mchana, nyumbani. Mbalaga ya ndizi imeliwa imekwisha, mvua ikashuka kweli, watu wote tukabanana barazani, na bati likapiga kelele kutushinda. Tukapuliza kwa nguvu zaidi. Bibi yako, yule anayelalamika magoti tangu Jumatatu hadi Jumapili, akainuka na mfuniko wa sufuria na mwiko, akashika mapigo kuliko mpiga ngoma wetu. Tulipofika mstari wa tatu kijana akapotea. Midomo imevimba, macho yamejaa machozi, anataka kushusha chombo. Shangazi zako hawakuambizana. Wakaibeba sauti ya pili kwa midomo yao, vyombo vya kuosha mikononi, wakairudia na kuirudia mpaka akaidaka. Uone vigelegele! Bibi anashukuru, "Ndaga, ndaga fijo," mwiko juu. Ule wimbo tuliupiga mara sita, na mara ya sita jirani wa ng'ambo ya mto walikuwa wamekwisha kuja na mvua yao.

Kile kidude chako cha mdomoni sikumpa, nimemtafutia kingine. Chako kipo kabatini, juu ya spika. Mabasi ya Krismasi yanajaa mapema, kwa hiyo kata tiketi Novemba.

Baba yako